Wiki ya Kusi Vamizi

Julai ikiingia pale Vamizi, kisiwa cha kaskazini mwa Cabo Delgado, Msumbiji, kusi huweza kuvuma wiki nzima bila tone la mvua. Kipupwe cha huko hakina baridi kali. Jua la mchana bado lina joto, na upepo hukausha kila kitu: midomo, majani, samaki walioanikwa.

Ndio upepo uliopeleka majahazi Zanzibar na Uarabuni. Mvuvi wa ngalawa, hata hivyo, anatafuta kitoweo cha leo. Upande wa mashariki, bahari kuu inapopiga mwamba, hapaendeki. Upande wa bara kuna nafuu. Namheshimu sana anayeyatazama mawimbi akakiacha chombo pwani, ingawa nyumbani wanamngoja.

Na maji je? Kisiwa cha matumbawe hakina mto. Maji ya mvua hukaa ardhini juu ya maji ya chumvi. Ukichota kupita kiasi, chumvi hupanda. Msimu wa mvua uko mbali, kuanzia Desemba hivi.

Ndugu zangu wa pwani, tuchote kwa kiasi, tuzime moto karibu na nyasi kavu, na kusi likikaza, tusimhimize mtu kwenda baharini.