UA LISILO NA MAJANI NA MTU MWENYE HILA



Ndugu zetu Waislamu, katika barza zetu husikika sana neno hili: "Sheria haikukataza." Aghalabu mwenye kulisema ni mtu ambaye moyo wake umekwisha kumwambia kuwa alifanyalo si sawa, naye yuatafuta mlango wa nyuma wa kutokea. Leo twapenda kulipima neno hilo kwa kisa cha ua moja la mbali.

Ua hilo ni aina ya okidi imeayo katika vinamasi vya kusini ya Florida, huko Marekani, na katika kisiwa cha Kuba. Halimei ardhini, bali hujishika juu ya gamba la mti. Wala si kimelea, kwani halinyonyi mti ule. Hulitaka kwake pahali pa kushika tu. Halina majani. Mwenye kupita chini yake huona mizizi ya kijani iliyotambaa kama nyuzi, akadhani ni kitu kisicho na maana. Kumbe mizizi hiyo ndiyo ifanyayo kazi ya majani: hupokea mwanga wa jua ikaugeuza kuwa chakula, na hunywa maji ya mvua na unyevu wa hewa. Kisha, khasa baina ya Juni na Agosti, hutokeza ua jeupe lenye mikia miwili iliyoning'inia kama miguu ya chura arukapo. Kwa kuwa kikonyo chake ni chembamba mno, ua huonekana kama laelea hewani peke yake, na kwa sababu hiyo watu wa huko huliita ua la mzuka.

Tazameni haja zake. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula. Haioti mpaka ikutane na kuvu ya namna yake khasa, nayo ndiyo iilishayo. Asali yake imewekwa mwisho wa mrija mrefu, haifikiwi ila na nondo wakubwa wa usiku wenye ndimi ndefu, nao ndio wachukuao chavuo kutoka ua hili hadi jengine. Maji ya kinamasi chini yake huitunza hewa iwe nyevu, na hulikinga na baridi kali. Mti, kuvu, nondo na maji: kikikosekana kimoja, hakuna ua. Mwenyezi Mungu amekiumba kila kitu kwa kipimo, na asiyekijua kipimo hicho asidhani kuwa aweza kukihamisha kitu akabaki nacho.

Wala hii si ajabu ya ugenini tu. Okidi zisizo na majani, jamaa za ua hili, zimo pia katika misitu ya pwani yetu, na wengi wetu tumezipita bila ya kuinua macho.

Katika Florida miche ya ua la mzuka yakisiwa kuwa elfu mbili hivi, au chini yake. Katika miaka ya 1940 na 1950 miti mikubwa ya vinamasi vile ilikatwa kwa ajili ya mbao, na mifereji ikachimbwa kuyatoa maji. Baada ya shoka wakaja wezi, kwani kitu kikiwa adimu ndipo tamaa ya watu izidipo.

Mwezi wa Disemba mwaka 1994, katika msitu wa hifadhi wa Fakahatchee, walikamatwa watu wanne wakitoka na foronya zilizojaa okidi na mimea mingine, na ua hili likiwamo. Mkubwa wao hatumtaji jina, kwani haja yetu ni kupata ibra, si kumsengenya mtu. Alikuwa fundi wa maua, naye alizisoma sheria kabla ya kuingia msituni. Alijua kuwa kuchukua mimea ile kumekatazwa. Alijua pia kuwa Waseminole, wenyeji wa asili, wana haki zao mbali. Basi akafuatana na watatu wao, ili aseme: hawa wameruhusiwa. Akaongeza udhuru wa pili: kwamba nia yake ni kuyazalisha maua yale kwa wingi, yauzwe rahisi, pasiwe tena na haja ya kuyaiba. Mahakama haikumkubalia. Alitozwa faini, na akakatazwa kuingia msitu ule kwa miezi sita.

Mtu huyu hakuwa mjinga. Alisoma, na elimu yake haikumfunza kuiheshimu sheria. Ilimwonyesha ufa wa kupitia. Hili lawapasa kuliogopa wenye elimu, na sisi tuandikao tukiwa wa kwanza.

Na lau mahakama ingemkubalia, je, ua lingekubali? Ua halisomi hukumu. Likibanduliwa mtini mwake, aghalabu hufa.

Basi na tujitazame. Yuko kwetu ampaye mkewe mali yake mwaka unapokaribia kutimia, kisha akairejesha baada ya siku chache, apate kusema kuwa zaka haikumpasa. Yuko msimamizi wa wakfu aikodishaye nyumba ya wakfu kwa mwanawe kwa kodi ya kudharauliwa, na hati zote zi sawasawa. Kadhi huhukumu kwa lililo dhahiri, na huenda asione ila. Lakini mali ile imebanduliwa kwenye mti wake, na baraka haitashika tena. Maskini aliyenyimwa amelijua hilo, na Mola wake amelijua kabla yake.

Katika hifadhi ya Corkscrew, huko huko Florida, mwaka 2007 lilionekana ua la mzuka juu ya mti mrefu, yapata futi 50 kutoka chini. Watu husimama mbali juu ya njia ya mbao, wakalitazama kwa darubini, wakaenda zao. Hakuna aliyelimiliki, na kila mmoja amepata sehemu yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye kutuzuia na haramu, wala si yenye kutuonyesha njia ya kuizunguka. Amin.