Lipeleke Likiwa Bichi

Ndugu yangu unayesomea uzamivu wa uchumi, najua ulipo. Uko mbele ya kompyuta, mwaka wa tatu huu, na kila msimamizi wako akikuuliza lini utawasilisha semina unamjibu, "Bado kidogo, nasafisha data." Mimi pia nilijibu hivyo karibu mwaka mzima. Nakusihi uache. Lipeleke andiko lako mbele za watu likiwa bichi, liivie huko.

Siku yangu ya kwanza kuwasilisha nilikuwa na slaidi 42 na dakika 20. Nilianza na nadharia, nikaingia kwenye kazi za waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, kisha milinganyo. Dakika ya 17 profesa mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono, akaniuliza kwa upole kabisa: "Dada, unataka kujua nini hasa?" Sikuwa na jibu la sentensi moja. Matokeo niliyoyahangaikia miezi minane hakuna aliyeyaona siku ile. Nilirudi chumbani nikalia. Usiku nikaliandika swali lake kwenye karatasi, nikalibandika ukutani, na hapo ndipo tasnifu yangu ilipoanza.

Wengi tunadhani utafiti ni kazi moja na uwasilishaji ni nyingine, kama vile kupika na kupakua. Sivyo. Unapolazimika kumweleza mtu asiyeijua mada yako, ndipo unapogundua hoja ipi haijashikana na nyingine. Mficha uchi hazai.

Chukua mfano wa Kagera. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti walizihoji kaya 915 za mkoa ule. Mwaka 2004 watu wa kaya zile walitafutwa tena, na waliohama wakafuatwa hukohuko waliko, mikoa mingine na hata Uganda. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon wakaiuliza data hiyo jambo ambalo bibi yeyote wa Bukoba angeliuliza jioni barazani: mtoto aliyeondoka na mtoto aliyebaki, nani kafika mbali zaidi?

Swali ni jepesi kulisema, gumu kulijibu. Huenda waliohama walitoka nyumba zenye uwezo, nyumba zilizowasomesha na kuwapa nauli. Ukimlinganisha mhamaji wa nyumba hiyo na mkaaji wa nyumba maskini, utausifia uhamaji kwa kazi iliyofanywa na mali ya baba. Kwa hiyo wakawalinganisha watu waliotoka kaya moja, chungu kimoja, mmoja kaondoka na mwingine kabaki. Makala yao ilichapishwa mwaka 2011: katika miaka 13, kuhama kuliongeza pointi 36 za asilimia kwenye ukuaji wa matumizi ya mtu.

Umeona nilichofanya? Nimekueleza swali, kikwazo, njia ya kukivuka na jibu, bila mlinganyo hata mmoja. Milinganyo ipo, na ni lazima uimudu barabara, kwa sababu watahini watakubana hapo. Lakini ule mfupa wa hoja unasemeka kwa Kiswahili chepesi, na hili ndilo ninalolitaka sana kwako. Tunafundishwa uchumi kwa Kiingereza. Istilahi zake tunazikariri mpaka zinatutoka zenyewe mdomoni, na mara nyingi zinatufichia tusichokielewa. Jaribu leo jioni: mweleze utafiti wako shangazi, dereva wa bodaboda, mama anayekuuzia chapati, kwa Kiswahili, kwa dakika mbili. Ukikwama mahali, pawekee alama. Hapo ndipo kesho asubuhi pa kufanyia kazi. Na wakikuuliza swali, liheshimu. Mkulima atakwambia kwa nini dodoso lako limekosea kuuliza bei ya mahindi mwezi wa njaa, jambo ambalo hakuna kitabu kitakachokuambia.

Stadi nyingine zinakuja kwa mkono. Data za Kagera ziko wazi kwa yeyote anayezitaka. Zichukue, teua jedwali moja la makala unayoihusudu, ulijenge upya mpaka tarakimu zako zilingane na zao. Utajifunza mengi kwa wiki hiyo moja: namna ya kuandika amri za programu ambazo mwenzako ataziendesha bila kukupigia simu, namna kaya zinavyopotea kwenye sampuli, namna uamuzi mdogo unavyobadilisha jibu kubwa.

Ukisimama kwenye semina, toa jibu lako mapema, slaidi ya pili au ya tatu. Hadhira ya wachumi haisubiri mwisho. Slaidi yenye jedwali la safu 12 haisomwi na mtu. Toa tarakimu moja na uieleze ina maana gani kwa kaya. Mwombe rafiki aandike kila swali linaloulizwa, maana wewe ukiwa umesimama pale moyo unakwenda mbio na hutakumbuka nusu yake. Usiku uleule yapitie yote. Swali lililokuudhi lianze.

Wala usidhani hili ni jambo la wenye vyuo vya Marekani tu. Tangu mwaka 1988 Jumuiya ya Utafiti wa Uchumi Afrika, AERC, yenye makao yake Nairobi, imekuwa ikiwakusanya watafiti wa bara hili wasomeane kazi na kukosoana ana kwa ana, na tangu mwaka 2002 inaendesha programu ya uzamivu kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Afrika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo. Kwenye mikutano ya namna hiyo pendekezo hupondwa asubuhi, na mchana mpondaji anakaa nawe kwenye chai akikuchorea njia nyingine kwenye karatasi ya kufutia mikono. Mtu hapotezi chai yake kwa kazi asiyoiona ina uhai.

Ratiba ya semina ya idara yako ina nafasi wazi, nina hakika, pengine ya wiki mbili zijazo, ile ambayo kila mtu anaikwepa. Nenda sasa hivi ukaandike jina lako. Kichwa cha mada kiwe ni swali, kwa maneno yasiyozidi 15, na hizo data utaendelea kuzisafisha usiku.