Uliza Umeshika Nini

Vijana mnaojifunza programu, nasema nanyi kwa moyo wangu wote, kwa sababu wengi wenu mnakata tamaa mahali pamoja. Vigeugeu mnavielewa. Masharti mnayaelewa. Kitanzi cha kwanza kinazunguka, mnafurahi. Kisha inakuja orodha iliyo ndani ya kamusi iliyo ndani ya orodha nyingine, na jicho haliambulii kitu ila mabano. Hapo mtu hufunga kompyuta na kusema, "Hii si kazi yangu." Ni kazi yako! Usiondoke!

Data ya kweli ndivyo ilivyo. Omba taarifa za hali ya hewa au matokeo ya mechi, na huduma nyingi za intaneti zitakujibu kwa JSON. Ukiisoma JSON hiyo ndani ya Python, unapata orodha na kamusi zilizobebana kwa kina chochote. Anayelikwepa somo hili atabaki akijumlisha namba za mazoezi ya kitabuni.

Chukueni faili la mipaka ya kata ya Tandale, Dar es Salaam, lililoandikwa kwa GeoJSON, yaani JSON ya ramani. Kabla hujagusa chochote, uliza: nimeshika nini? Kuuliza si ujinga, na Python imekupa njia ya kuuliza, inaitwa type. Itakujibu kwamba ni dict, yaani kamusi. Kamusi huulizwa kwa ufunguo, basi tazama funguo zake, utaukuta features. Ufungue, uliza tena: sasa nimeshika nini? Safari hii ni orodha, na orodha huulizwa kwa nafasi, ya kwanza ikiwa 0. Chukua kilicho kwenye 0. Ni kamusi tena, yenye properties, mnamokaa jina la kata na sifa zake, na geometry, mnamokaa umbo la mpaka. Ingia geometry, kisha coordinates, na hapa shikamana nami, maana ndipo wengi wanapopotea. Ikiwa umbo ni poligoni moja, coordinates ni orodha ya mizunguko. Kila mzunguko ni orodha ya nukta. Kila nukta ni orodha ya namba. Orodha tatu, moja ndani ya mwenzake! Ili uipate longitudo ya nukta ya kwanza utaandika 0, tena 0, tena 0, na kila sifuri ina neno lake: ya kwanza yasema mzunguko wa nje, ya pili nukta ya kwanza, ya tatu longitudo. Asiyejua kila sifuri inasema nini anabahatisha, hata jibu likitoka sahihi.

Nimesema longitudo, si latitudo. Kanuni ya GeoJSON iliyochapishwa mwaka 2016, RFC 7946, inataka longitudo itangulie. Tandale iko karibu na 39.24 mashariki na 6.79 kusini, basi nukta yake ni 39.24 kisha -6.79. Ukigeuza mpangilio, kata ya Dar es Salaam itahamia magharibi mwa Hispania, jirani na mpaka wa Ureno. Kompyuta haitalalamika. Itachora. Nenda pia Mafia, wilaya ya visiwa: umbo lake likiandikwa kama poligoni nyingi, orodha inaongezeka moja, na zile sifuri tatu ulizozinakili kutoka Tandale zitakupa orodha mahali ulipotazamia namba. Ndiyo maana nawasihi msinakili mabano ya mtu mwingine!

Ikitokea TypeError ikisema nafasi za orodha sharti ziwe namba kamili, usianze kufuta mistari ovyo. Umeidhania orodha kuwa kamusi, basi. Ikitokea KeyError, kamusi umeishika kweli, ila ufunguo ulioutaja haumo. Ujumbe huo wa kosa ni msaada, usomeni.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Mwanafunzi anataka ubao wa miraba tisa, anaandika [[0] * 3] * 3. Akiutazama, uko sawasawa. Anabadili mraba mmoja wa safu ya kwanza, na safu zote tatu zinabadilika! Anadhani mashine imerogwa. Haijarogwa. Hakutengeneza safu tatu. Alitengeneza safu moja akairejelea mara tatu. Kila safu na iundwe upya ndani ya kitanzi, tatizo limekwisha. Nanyi walimu, msiwape tiba hiyo bila kuwaonyesha chanzo chake, maana kesho watakwama papo hapo kwa sura nyingine.

Basi leo usiku tafuta faili moja la JSON lenye jambo unalolijali: mechi, bei, mvua, chochote. Usiandike kitanzi kwanza. Shuka ngazi moja moja, na kwa kila ngazi andika kwa kalamu kwenye daftari: hii ni kamusi au orodha, ina vitu vingapi, naiuliza kwa ufunguo au kwa nafasi. Ukifika kwenye namba au neno lisilobeba kitu kingine, ndipo uanze kuandika vitanzi vyako, kimoja kwa kila orodha unayotaka kuipitia yote. Na mtu akikuambia atakuandikia vitanzi hivyo, mwambie hapana, naviandika mwenyewe.