Degedege Halingoji Feri

Mara nyingi huja alfajiri, mtoto angali kitandani. Macho yanapinduka, meno yanakazana, mkono mmoja unaanza kuruka, kisha mwili mzima. Dakika mbili, pengine tatu, limekwisha. Mama wa Likoni humfunga mwanawe mgongoni, akapanda tuktuk hadi kivukoni, akasimama katika umati unaongoja lango lifunguliwe, akavuka Kilindini, akadandia matatu mpaka Hospitali Kuu ya Pwani. Anapofika mbele ya daktari, mtoto keshachangamka na anataka mahamri. "Ilikuwaje, mama?" Mama huinua mkono wake mwenyewe akautikisatikisa. Ulianza wa kulia au wa kushoto? Macho yalielekea wapi? Hakumbuki. Katika kizaazaa kile, nani angekumbuka?

Siku hizi hakosekani jirani wa kumwambia kuwa angechukua video. Wala hakosekani wa kuongeza kuwa asijisumbue kuvuka, maana yuko daktari wa Nairobi anayetibu kwa simu.

Ushauri huo si wa kubezwa. Madaktari bingwa wa ubongo na neva za watoto nchini Kenya ni wachache na wengi wao wako Nairobi, kilomita 480 hivi kutoka Mombasa. Corona ilipofunga njia za kuingia na kutoka Mombasa mnamo Aprili 2020, matibabu ya simu yaliacha kuonekana anasa, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 ikayapa nafasi rasmi. Kwa mzazi wa Kisauni au Changamwe, kumpeleka mtoto au kupiga simu limekuwa jambo la kuamua kwa hesabu ya nauli na bando. Lakini chini ya hesabu hiyo limelala swali ambalo misikiti na makanisa ya mji huu yalilijua kabla simu hazijaja: kuwapo ni nini?

Februari 1841, jarida la kitabibu la London, The Lancet, lilichapisha barua ya daktari wa mji mdogo wa Tunbridge aitwaye William James West. Mgonjwa aliyemweleza alikuwa mwanawe mwenyewe, bado mchanga. Kichwa cha mtoto kiliinama kuelekea magotini, kikarudi juu, kikainama tena, mara nyingi mfululizo. West alikuwa ameshaonana na wakubwa wa fani yake London, na mmoja wao aliyapa maradhi hayo jina la "salaam", kwa kuwa mtoto alifanana na mtu anayeinama kutoa salamu. Dawa ya kumponya haikupatikana. Ndipo baba akawaandikia wenzake asiowajua, akiomba yeyote aliyewahi kuona jambo kama lile amwongoze. Leo ugonjwa huo unabeba jina lake.

Ile ilikuwa tiba ya masafa, kwa wino na posta. Na kilichoipa thamani ni kwamba aliyeandika alikuwa nyumbani wakati mtoto anainama. Madaktari wa London waliweza kumshika mtoto. Baba ndiye aliyeishi na degedege lenyewe. Hata sasa, mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa West ni rahisi kudhaniwa ana chango au anashtuka tu, wiki zikapita, na wiki hizo ni ghali, kwa kuwa tiba ya mapema humpa nafasi bora zaidi. Nusu dakika ya video iliyochukuliwa Mtongwe na kutumwa kwa mtu anayejua anachokitazama yaweza kuokoa wiki hizo zote.

Anayelalamika kwamba simu imeingiza umbali kati ya daktari na mgonjwa amechelewa miaka mia mbili. Mwaka 1816, mjini Paris, René Laennec aliona haya kuweka sikio lake kifuani mwa mwanamke kijana. Akakunja karatasi ikawa bomba, akasikiliza moyo kupitia bomba hilo. Kifaa ambacho leo huning'inia shingoni mwa kila daktari kilizaliwa na stara, na umbali ule wa shubiri chache ulimfanya asikie vizuri zaidi.

Ni umbali gani, basi, unaodhuru? Wanazuoni wa Kiislamu wamelichambua swali hili kwa makini ambayo wahandisi wa programu wangeyaonea wivu. Misikiti ilipofungwa Machi 2020, watu waliuliza iwapo mtu anaweza kumfuata imamu wa Ijumaa kwa redio au kwa simu akiwa sebuleni. Jibu la wanazuoni wengi lilikuwa hapana. Swala ya jamaa ni ya waliokusanyika. Lakini miaka thelathini kabla ya hapo, Machi 1990, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Jeddah kujadili mikataba inayofungwa kwa simu na vyombo vya mawasiliano, na halikukataa. Lilikubali mikataba hiyo, kisha likatenga michache. Ndoa ilitengwa kwa sababu inataka mashahidi. Kubadilishana fedha kulitengwa kwa sababu kunataka kila mmoja apokee chake papo hapo, mkono kwa mkono.

Njia hiyo ya kufikiri yamfaa mzazi kuliko matangazo yoyote ya hospitali. Baraza halikuuliza kama simu ni nzuri au mbaya. Lilichukua tendo moja moja na kuuliza ndani yake mna nini kisichoweza kupita kwenye waya.

Katika maradhi ya neva za mtoto, kisichopita kwenye waya ni kingi. Utosi uliofura huguswa. Mguu uliokakamaa, ule wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hujulikana kwa kuukunja na kuukunjua, maana ukakamavu ni kitu kinachosikiwa na kiganja. Kichwa kinachokua kupita kiasi kwa maji yaliyokwama ndani hupimwa kwa futi, mwezi hata mwezi, na vipimo vikaandikwa. Kuna nyundo ndogo ya kugonga chini ya goti, kuna mashine ya kupima umeme wa ubongo, na kuna mizani, kwa kuwa dawa ya kifafa ya mtoto hupimwa kwa kilo zake. Na kuna yale yasiyosubiri mjadala wowote: degedege lililopita dakika tano, degedege linalorudi kabla mtoto hajazinduka, degedege lenye homa na shingo ngumu, ambalo laweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Mtoto wa namna hiyo hapigiwi simu ya video. Hupelekwa kituo kilicho karibu, upande uleule wa maji alipo.

Mazoezi nayo ni mkono kwa mkono. Port Reitz, huko Changamwe, ni jina linalojulikana na wazazi wa watoto wenye ulemavu wa viungo, kwa hospitali yake, shule yake maalumu na huduma za Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya, chama kilekile kilichoanzisha karakana za Bombolulu mwaka 1969. Mama anayefundishwa kumkalisha mtoto asiyeweza kukaa hafundishwi kwa maneno. Mtaalamu huiweka mikono yake juu ya mikono ya mama, na mikono ya mama iko juu ya nyonga za mtoto.

Lakini mtoto akishajulikana ana nini, akishapimwa na kuanzishiwa dawa, sehemu kubwa ya safari inayobaki ni mazungumzo. Anapata degedege mara ngapi? Dawa inamlaza mno darasani? Amekosa dozi? Hapa umbali hauharibu kitu, na safari ndiyo inayodhuru. Kituo cha utafiti kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989 kimefuatilia kifafa kwa miaka mingi, na watafiti wake walikuta zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawapati dawa inavyopasa. Miongoni mwa sababu walizozitaja ni gharama, umbali wa kituo, na imani kwamba maradhi haya si ya hospitali. Pwani, degedege limehusishwa tangu zamani na ndege mbaya apitaye usiku. Wamijikenda humwita nyuni. Mama aliyekosa nauli mara mbili, huku akiambiwa na wakwe kwamba mtoto anataka kombe na hirizi, ana kila sababu ya kukoma kuvuka. Na dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege laweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Kwa mama huyo, simu ya dakika kumi ndiyo inayomweka mtoto ndani ya matibabu.

Wakristo wa Changamwe na Mikindani wana andiko lao la kulitafakari jambo hili. Katika sura ya nane ya Mathayo, Yesu anamgusa mwenye ukoma, kisha anamponya mtumishi wa akida wa Kirumi bila kufika nyumbani kwake, kisha anamgusa mkono mkwewe Petro. Mguso, masafa, mguso, katika sura moja. Na katika Marko 9, baba anamleta mwana anayeanguka na kutoka povu, ambaye mara kwa mara huangukia motoni na majini. Yesu anamgeukia kwanza baba na kumwuliza mtoto amekuwa hivi tangu lini. Ni swali la kliniki, na aliyeulizwa ni yule aliyekuwapo siku zote. Majiko ya makaa ya Kisauni na maji ya Tudor yanafanya hatari ile ya moto na maji isiwe hadithi ya mbali.

Lipo jambo moja ambalo simu yaweza kulivunja hata pale inapoponya. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa habari ya mwanamke mweusi aliyemjia Mtume akilalamika kwamba anaanguka kifafa na mwili wake unafunuka. Alipewa hiari: asubiri na malipo yake ni Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba dua asifunuke. Maradhi alikubali kuyabeba. Kilichomwumiza ni kutazamwa. Video ya mtoto anayetokwa na povu, nguo zimelowa mkojo, ni dawa ikiwa mikononi mwa daktari na ni fedheha ikiwa katika kundi la WhatsApp la mtaa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya kuwa nyeti, lakini sheria haimo chumbani wakati shangazi anaomba atumiwe aione.

Ndiyo maana kila njia ina ghaibu yake. Kliniki daktari yupo na degedege halipo. Kwenye simu degedege lipo na mwili haupo. Tangu Septemba 2023 serikali imetuma vijijini na mitaani wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na baadhi ya wazazi wa bara ya Mombasa wanaona humo njia ya tatu: mtu wa mtaa uleule, mwenye mikono, anayeweza kumshika mtoto huku bingwa akitazama kutoka mbali.

Kwa sasa, hata hivyo, wengi bado huvuka, tofauti ikiwa ni kile walichobeba. Mama akiulizwa ilikuwaje, hainui tena mkono kuutikisa. Huifungua simu, akairuka picha ya harusi na ya pilau, akampa daktari. Daktari huitazama mara moja kwa sauti, mara ya pili bila sauti, ya tatu akiisimamisha pale macho yanapogeuka. Kisha humrudishia mama simu, akatoa futi mfukoni. "Haya mama, hebu mvue kofia."