Kivuli ni Mali ya Nani?

Kila mtu ajua ya kwamba aibaye ng'ombe wa jirani atenda kosa. Lakini je, akataye mti wake mwenyewe, uliokuwa ukimpa jirani kivuli, atenda kosa? Mti ni wake, kiwanja ni chake, na shoka ni lake. Swali hili, msomaji, laonekana dogo. Lakini ndani yake mna haki ya mtu juu ya mali yake, na wajibu wake kwa watu anaoishi nao.

Kwanza na tufahamu joto linavyoufikia mwili. Mtu aliye nje hapati joto kwa hewa peke yake. Hupigwa na jua kutoka juu, na huchomwa tena na bati, ukuta na lami vilivyokwisha kulimeza jua hilo. Naye hupozwa na upepo unaokausha jasho lake. Kwa hiyo watu wawili katika mji mmoja, saa ile ile, waweza kuwa katika hali mbalimbali: mmoja yu rahani, mwenziwe yu taabuni. Jua ni moja. Kinachowatenga ni mpango wa nyumba na njia.

Tazama Unguja. Wajenzi wa Mji Mkongwe walisimamisha kuta nene za mawe na chokaa, wakazikaribisha nyumba hata ukuta wa upande mmoja humtilia kivuli apitaye upande wa pili. Nje waliweka baraza, na asiye wa nyumba hiyo huketi pia. Si mbali na hapo, Michenzani, yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba marefu ya ghorofa kando ya barabara pana. Yaliwapa wengi makao ya kisasa. Lakini apitaye barabara ile adhuhuri hutembea juani.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wembamba wa njia watosha. Vipimo vya Nairobi vilivyochapishwa mwaka 2017 vilionyesha kuwa hewa ya Kibera, Mathare na Mukuru ilikuwa na joto zaidi kuliko ile ya kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti. Njia za mitaa hiyo ni nyembamba. Lakini bati si ukuta mnene, na msongamano usio na mti wala upepo ni tanuru. Aliye maskini ndiye akaaye ndani yake.

Atasema mtu: "Ardhi ni ghali; sikuinunua ili nimpe mpita njia kivuli." Neno hili lina uzito, wala si haki kumnyang'anya mtu kiwanja chake. Lakini mwenye duka huishi kwa njia ipitayo mlangoni pake, na joto la bati lake halikomi kwenye ua wake. Anufaikaye kwa njia ana deni kwa wapitao. Deni lenyewe si kubwa: upenu mrefu, kibaraza, mti mmoja.

Nasi wa Chepilat, katika nchi ya chai na baridi ya asubuhi, tusiseme joto ni la watu wa pwani. Soko letu liko katika barabara ya Sotik kwenda Kisii, mpakani mwa Bomet na Nyamira, na Wakipsigis na Wagusii huuziana hapo. Tu karibu na ikweta. Adhuhuri jua hukaribia utosi, na ukuta hauna kivuli cha kutoa. Hapo ni mti na upenu tu vimwokoavyo mama aliyeketi na ndizi zake.

Mpaka huu umewahi kuleta ugomvi. Fikiri basi, kijana, juu ya mti uliopandwa mpakani. Asubuhi kivuli chake hulala magharibi, jioni hulala mashariki. Humtumikia kila jirani kwa zamu, bila kumwuliza kabila lake. Mwenye mti anamiliki shina na matawi. Kivuli ni cha yeyote kinayemwangukia. Akiukata bila haja, hakuiba kitu, lakini amewapunguzia wengine raha wasiyoweza kuinunua. Hilo ni kosa, hata kama hakimu hana la kusema.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mji ungali mdogo, mche mmoja hutosha. Ukiisha kuwa mkubwa, itabidi kubomoa.