Ukipenda Boga, Penda na Ua Lake

Methali hii husemwa sana harusini, na wengi huielewa hivi: ukimpenda mtu, wavumilie na ndugu zake. Si vibaya, ila maana hiyo ni nyembamba. Mkulima wa bonde la Ruzizi anajua kuwa ua si mzigo uliobandikwa kwenye boga. Ua hutangulia. Nyuki asipolipitia asubuhi, akabeba chavua kutoka ua dume hadi ua jike, boga halipatikani. Anayelitaka boga huku analichukia ua anakichukia chanzo cha kile anachokitaka.

Tuwaze nyumba moja ya Luberizi, kwenye bonde hilo hilo. Bwana anapenda kutengeneza pombe ya asali. Haiuzi; pombe ya kienyeji ya kuuza huku Kivu Kusini mara nyingi ni kasiksi ya ndizi, nayo kwa kawaida iko mikononi mwa akina mama. Yake ni mapenzi tu, jamaa ya pombe nyingine za asali: muratina ya Wakikuyu na wanzuki ya Tabora. Asali iliyoiva haichachi, kwa kuwa maji yake ni machache mno. Ukiizimua, hamira inaamka. Tena Luberizi si Bukavu. Kule juu, kwenye mita 1,500 hivi, baridi hupunguza mwendo wa hamira. Huku bondeni joto huchochea, na bidoni, yaani dumu, iliyokazwa kifuniko huvimba hata kupasuka, maana gesi inayotolewa na hamira haina pa kutokea.

Bwana akilala Uvira, nani ataamka kukilegeza kifuniko? Bibi yake. Nani aliikubali kona ya chumba ikaliwe na bidoni, na maji aliyoyachota mwenyewe yatumike kuziosha? Huyo huyo. Hapo methali inadai zaidi ya uvumilivu. Mvumilivu huziacha bidoni zilipo, basi. Mwenye kupenda anajua ipi ilianza lini.

Naye anapata nini? Kikombe kitamu, watasema, kama kitafika. Mimi nadhani faida yake iko kwingine: mtu anayeweza kusubiri miezi bila kufunuafunua chombo ndiye yule yule asiyempigia kelele mtoto aliyevunja sahani. Bibi aliupenda utulivu huo kabla hajaziona bidoni. Hata hivyo tusigeuze upendo kuwa hesabu. Maua ya kwanza ya mmea wa boga kwa kawaida ni madume: yanachanua, yanaanguka, hayazai kitu, na hakuna mkulima anayeung'oa mmea kwa sababu hiyo. Pombe ikigeuka siki, bado ilikuwa furaha ya mtu.

Lakini funza anayelitoboa boga si ua. Pesa ya chumvi ikiishia kwenye asali, au bwana akinywa zaidi ya anavyotengeneza, asije na methali hii mkononi kumnyamazisha mkewe. Walioitunga walitaja ua, wadudu hawakuwamo.

Tena methali haisemi boga ni nani. Wanaume wengi huisikia kana kwamba wao ndio boga siku zote, na kazi ya kupenda maua ni ya wake zao. Bibi naye ana ua lake: likelemba, yaani kuchangiana pesa kwa zamu, na wenzake, au kwaya ya parokia. Basi mwenye bidoni ajibu: mazoezi yakichelewa hadi usiku, nani anawapikia watoto ugali?