Mali ya Mjerumani: Nani ametupa ruhusa ya kuchimba?

Kijana mmoja niliyepata kumfundisha maarifa ya Uislamu alinijia baada ya swala ya Alasiri akiwa na swali. Yeye na wenzake watatu wa mjini Moshi wamechanga fedha kukodi mashine ya kupimia madini ardhini. Wanataka kupanda Kilema, kwenye kihamba ambacho mwenyewe anaishi mbali, wakatafute "mali ya Mjerumani". Hakuuliza kama jambo hilo linafaa. Aliuliza tu: "Ustadhi, tukipata, ile khumsi tunampa nani?"

Ni swali la mtu anayeogopa haramu, na kwa hilo anastahili pongezi. Lakini ameanzia mwisho.

Ni kweli Mtume (s.a.w) amefundisha kuwa katika rikazi kuna khumsi, yaani sehemu moja ya tano. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Lakini rikazi ni nini? Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, wanaieleza kuwa ni dhahabu au fedha iliyofukiwa na watu wa kabla ya Uislamu, ikapatikana katika ardhi isiyo na mwenyewe. Mjerumani alifika Kilimanjaro zaidi ya miaka 1,200 baada ya Hijra. Sarafu zake zina mwaka na jina la utawala wake. Hiyo si rikazi. Iko karibu zaidi na luqata, mali iliyopotea, ambayo mwenye kuiokota anatakiwa aitangaze mwaka mzima.

Na kihamba kina mwenyewe. Kuwa kwake mbali hakuifanyi ardhi yake kuwa pori, na kuwa kwake Mkristo, kama walivyo wengi wa Kilema, hakupunguzi haki yake hata kidogo. Tunawafundisha watoto wetu kuwa haki ya jirani haichagui dini. Je, fundisho hilo linakoma pale mashine inapolia?

Tuje kwenye mali yenyewe. Watu husimulia kuwa Wajerumani walipokimbia walifukia dhahabu. Sarafu ya dhahabu inayosifika, ile ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ilitengenezwa Tabora mwaka 1916, na zilipatikana kama 16,000 tu. Lakini Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, kabla sarafu hizo hazijaanza kutengenezwa. Vipi basi Mjerumani aliyekimbia Moshi afukie Kilema sarafu ambayo haijawahi kuwepo? Chenji ya siku zile ilikuwa heller, sarafu ndogo ya shaba, mia moja kwa rupia moja, ambayo ndiyo imetuachia neno "hela". Akili tuliyopewa na Mwenyezi Mungu nayo tutaulizwa tuliitumiaje.

Kilichojaa katika ardhi ile ni chuma. Jirani na Kilema kuna Mamba, wanakojulikana wahunzi tangu zamani, waliokuwa wakifua majembe na mikuki. Juu yake kuna misumari, makopo, vipande vya bati na mapanga ya vizazi vyote. Hata udongo wenyewe, kwa kuwa ni wa volkano, una madini ya chuma yanayoisumbua mashine. Kwa hiyo wachimbaji huiweka mashine isisikie chuma. Nayo ina hasara yake: msumari ukilala kando ya sarafu, mashine inaponyamazia msumari huweza kuinyamazia na sarafu. Asipoiweka hivyo, italia kila hatua, naye atachimba mashimo mia, na kila chuma atakachokitoa atakitupa kwa hasira.

Hapa ndipo ninapoona tatizo kubwa zaidi. Qur'an ina sura nzima inayoitwa Chuma, na katika aya ya 25 tunaambiwa kuwa chuma kina nguvu kali na manufaa kwa watu. Kile anachokitupa mchimbaji ndicho ushahidi uliobaki. Chini ya mlima huu, kule Salaita Februari 1916, Latema na Reata mwezi uliofuata, kisha Kahe, walipigana watu wengi wasiokuwa na ugomvi wao wenyewe. Askari wengi wa Mjerumani walikuwa Waislamu. Kwa Mwingereza kulikuwa na kikosi cha Baluchi kutoka India, nacho kilikuwa na Waislamu wengi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana nao. Ganda la risasi halina bei sokoni, lakini huenda ndilo kaburi pekee la mtu ambaye hakuswaliwa jeneza.

Isitoshe, Wachagga wamezoea kuzika jamaa zao kihambani. Anayechimba kihamba cha watu usiku hajui atafikia nini. Mtume (s.a.w) amefundisha kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Tunalalamika, na ni haki yetu, kwamba Mangi Meli alinyongwa Old Moshi mwaka 1900 na wazao wake wakahangaika kulitafuta fuvu lake hadi Ujerumani. Tutawaambia nini Wajerumani ikiwa sisi wenyewe tunafukua mifupa ya jirani kwa kutafuta rupia?

Nilimwambia kijana yule haya: omba idhini ya mwenye kihamba, na ujue kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa anayechimba vitu vya kale. Ukikuta kombora usiliguse, waite polisi. Ukikuta mfupa, fukia na uombe dua.

Aliondoka kimya. Sijui kama fedha ya kukodi mashine ameirudisha. Lakini nasi wa mjini tunaochangia safari hizi tujiulize. Katika Suratul Kahf (18:82) yupo mja mwema aliyejua hasa hazina ilipo. Ilikuwa ya mayatima wawili, chini ya ukuta uliokuwa ukitaka kuanguka, katika mji uliomnyima hata chakula. Hakuichimba, wala hakudai fungu. Alijenga ukuta, bila ujira, ili wenyewe wakikua waikute.

Wabillahi tawfiq.